Albamu ya Sisso na Maiko: Sifa ughaibuni, ukimya nyumbani

WAHENGA walinena kwamba nabii hana heshima kwao. Kauli hiyo hurejewa kila msanii wa Kitanzania anapopata sifa nje ya mipaka huku nyumbani akiwa hajulikani. Safari hii inawahusu watayarishaji wawili wa muziki kutoka Mburahati, jijini Dar es Salaam, wanaojulikana kwa majina ya Sisso na Maiko. Mwaka 2024 wawili hao walitoa albamu iitwayo Singeli Ya Maajabu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes yenye makao yake Kampala, Uganda.

Albamu hiyo ilipokewa kwa maneno mazuri na waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani. Wapenzi wa muziki unaotengenezwa kwa kompyuta waliiona kuwa ni kazi yenye nguvu na ubunifu ambao haujazoeleka kwao. Lakini nyumbani, mahali ambapo singeli ilizaliwa na ambapo jina la albamu linaeleweka bila kufasiriwa, mjadala wake umekuwa mdogo. Wasikilizaji wengi wanaocheza singeli kila mwisho wa wiki hawajui kama kuna albamu ya namna hiyo.

Swali la kujiuliza ni hili: maoni ya wasikilizaji yapi ndiyo yanayoamua thamani ya muziki wa Tanzania? Ni ya mwandishi wa gazeti la London anayeusikiliza kwa mara ya kwanza, ya kijana wa Manzese aliyekulia ndani ya muziki huo, au ya mkulima wa milimani ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza?

Mfano wa huyo wa mwisho unapatikana Ngujini, kata iliyoko katika milima ya Upare Kaskazini, wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka wilaya ya Pare mwaka 1979, na ile iliyobaki ikawa Same. Kama ilivyo kwa sehemu nyingi za Upare, wakazi wake wameishi kwa migomba, kahawa, mahindi na maharage, huku vijana wengi wakishuka kwenda Mwanga mjini, Moshi, Arusha na Dar es Salaam kutafuta maisha. Vijana hao wanaporudi kwa sikukuu za mwisho wa mwaka hurudi na simu zilizojaa nyimbo za mjini. Hivyo ndivyo muziki wa Mburahati unavyopanda mlima, bila tangazo na bila hesabu yoyote ya nani ameusikiliza.

Ikumbukwe kwamba idadi kubwa ya Watanzania bado inaishi vijijini. Kwa mantiki hiyo, maoni juu ya muziki wa taifa yasiyofika sehemu kama Ngujini ni maoni ya sehemu ndogo ya nchi, hata yakisemwa kwa sauti kubwa kiasi gani.

Singeli ni nini

Ili kuelewa mgawanyiko wa wasikilizaji ni vema kwanza kuelewa kilichomo ndani ya muziki wenyewe. Singeli ilichipuka katika miaka ya 2000 katika maeneo ya Manzese, Tandale, Mburahati na mengine ya watu wa kipato cha chini jijini Dar es Salaam. Mzizi wake mmoja ni mchiriku, muziki wa vijana wa uswahilini uliotamba katika miaka ya 1990 kwa kutumia ngoma na vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vipaza sauti. Mzizi wa pili ni taarabu. Watayarishaji walichukua vipande vifupi vya vinanda na magitaa ya taarabu, wakavirudia mfululizo na kuvikimbiza.

Kasi ndiyo inayoitambulisha singeli. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva huenda kwa midundo isiyozidi 120 kwa dakika, lakini singeli huanzia takriban midundo 200 na wakati mwingine hukaribia 300. Juu ya mdundo huo husimama mwimbaji, ambaye mashabiki humwita MC, akighani kwa haraka juu ya mapenzi, umaskini, majirani, wambeya na vituko vya mtaani. Uwanja wake wa asili ni kigodoro, ile sherehe ya usiku kucha inayofanyika mtaani kwa ajili ya harusi, unyago au kumtoa mtoto.

Kwa muda mrefu redio kubwa hazikuugusa muziki huo. Hali ilianza kubadilika katikati ya miaka ya 2010, ambapo kituo cha EFM cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuupa nafasi ya kudumu. Majina kama Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila na Meja Kunta yakavuka mipaka ya mitaa yao. Baadaye Tuzo za Muziki Tanzania, zilizofufuliwa mwaka 2022 chini ya usimamizi wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), zikaitengea singeli nafasi yake.

Wakati waimbaji hao wakipanda majukwaa ya nyumbani, watayarishaji walikuwa wakipita njia nyingine. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa nyimbo ulioitwa Sounds of Sisso, uliobeba kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Zikafuata albamu za watayarishaji wengine: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019, na Mateso ya Sisso mwenyewe mwaka huohuo. Singeli Ya Maajabu ya mwaka 2024 ni tunda la safari hiyo ndefu, safari hii Sisso akiwa na mpiga kinanda Maiko.

Makundi manne ya wasikilizaji

Maoni juu ya kazi za namna hii yanaweza kugawanywa katika makundi manne, na kila kundi lina hoja yake.

Kundi la kwanza ni la wasikilizaji wa ughaibuni. Hao huusikia muziki huu kama muziki wa dansi wa kompyuta. Hawaujui Kiswahili, hawajui kigodoro, na hawatambui kipande cha taarabu kilichofichwa katikati ya mdundo. Wanachokisikia ni kasi, ucheshi wa sauti na uthubutu wa mtayarishaji kuvunja taratibu walizozizoea. Sifa zao ni za kweli. Hata hivyo, ni sifa zinazokosa nusu ya habari. Msikilizaji wa Berlin anaweza kuicheza Tatizo Pesa usiku mzima pasipo kufahamu kwamba jina lenyewe linataja tatizo linalomkabili mtu aliyeitengeneza.

Kundi la pili ni la mashabiki wa singeli wenyewe, wale wa vigodoro. Kwao mdundo ni mkeka, na mwimbaji ndiye mgeni anayekuja kuukalia. Albamu ambayo kwa sehemu kubwa imesimama juu ya vinanda na midundo bila mwimbaji wa kuongoza inaonekana kwao kama kazi ambayo haijamalizika. Shabiki wa aina hiyo huuliza: MC yuko wapi? Nani anatajwa? Nani anapigwa kijembe? Hoja hiyo haipaswi kubezwa. Katika utamaduni wa Waswahili, kuanzia taarabu hadi mchiriku, maneno ndiyo yanayobeba ujumbe, na msikilizaji hupima wimbo kwa kuuliza umesemwa nini na umeelekezwa kwa nani.

Kundi la tatu ni la wanaoipinga singeli moja kwa moja. Kwao ni kelele, ni muziki wa kihuni, na vigodoro ni chanzo cha kukosa usingizi, ulevi na kuharibika kwa watoto. Viongozi wa serikali katika ngazi mbalimbali wamewahi kutoa amri za kuzuia vigodoro kwa hoja hizohizo. Mzazi wa mtaani anayelala saa nne usiku na kuamka saa kumi alfajiri kwenda kazini ana haki ya kulalamika. Lakini si haki kuchanganya tabia ya watu katika sherehe na ubora wa muziki. Dansi na taarabu navyo viliwahi kuitwa vya kihuni kabla ya kuheshimiwa.

Kundi la nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni la wasioulizwa. Humo wamo watu wa Ngujini, Kilomeni, Usangi na Ugweno, pamoja na mamilioni wengine wa mikoani. Masikio yao yamelelewa na kwaya za makanisani, kaswida, nyimbo za harusi, redio ya taifa na, kwa upande wa Kilimanjaro, vituo kama Sauti ya Injili cha Moshi. Wana vipimo vyao vya muziki mzuri. Mtu aliyeimba sauti ya tatu katika kwaya kwa miaka 20 anajua mpangilio wa sauti kuliko waandishi wengi wa habari za burudani. Lakini maoni yake juu ya albamu ya Sisso na Maiko hayajulikani, kwa sababu hakuna njia ya albamu hiyo kumfikia wala njia ya maoni yake kurudi kwa wasanii.

Funzo la Bristol

Wapo wanaosema kwamba hali hii ni ya kawaida kwa kila muziki mpya, na kwamba nyumbani kutaamka baadaye. Hoja hiyo inahitaji kupimwa kwa mfano halisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mji wa Bristol nchini Uingereza, ulizaliwa mtindo uliokuja kuitwa trip hop. Kwa kasi, ni kinyume kabisa cha singeli, kwani huenda polepole, midundo ikiwa mara nyingi chini ya 100 kwa dakika. Lakini kwa asili mitindo hiyo miwili ni ndugu. Trip hop nayo ilitokana na sherehe za mitaani zilizopigwa kwa maspika makubwa, utamaduni ulioletwa na wahamiaji kutoka Jamaika. Watengenezaji wake nao walichukua vipande vya santuri za zamani, wakavikata na kuvirudia. Kundi la Massive Attack, ambalo lilitokana na genge la wapiga santuri lililoitwa The Wild Bunch, lilitoa albamu yake ya kwanza, Blue Lines, mwaka 1991. Kundi hilo lililoanza na watu watatu leo ni la wawili, Robert Del Naja na Grant Marshall. Wenzao wa Portishead walitoa albamu ya Dummy mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikatwaa Tuzo ya Mercury, moja ya tuzo zenye heshima kubwa nchini humo.

Tofauti ya Bristol na Mburahati haiko katika kipaji. Iko katika mfumo uliokuwapo kabla muziki haujazaliwa. Uingereza ilikuwa na orodha za mauzo ya kila wiki zilizohesabu santuri zilizonunuliwa madukani. Ilikuwa na redio zenye vipindi vya muziki usio wa kawaida. Ilikuwa na magazeti ya muziki yaliyoandikwa kwa lugha ya wasikilizaji wenyewe. Juu ya yote, ilikuwa na chama cha kukusanya mirabaha, PRS, kilichoanzishwa mwaka 1914. Kwa hiyo kijana wa Bristol alipoupenda wimbo, upendo wake ulihesabiwa, ukaandikwa na hatimaye ukageuka kuwa fedha mfukoni mwa mtunzi.

Kwa maneno mengine, maoni ya wasikilizaji wa nyumbani ndiyo yaliyotangulia, na ya dunia yakafuata. Kwa Sisso na Maiko mpangilio umegeuzwa.

Si mara ya kwanza

Tanzania imewahi kupita njia zote mbili. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Kampuni hiyo haikufanya hivyo kwa ajili ya kuwafurahisha wasikilizaji wa London. Ilifanya biashara. Ilijua kwamba pwani ya Afrika Mashariki ina watu walio tayari kutoa fedha zao kumsikiliza mwanamke wa kwao akiimba kwa Kiswahili. Santuri za kigeni zilikuwepo sokoni, lakini wasikilizaji wa nyumbani ndio waliomfanya Siti awe Siti.

Njia ya pili ni ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Zeze na marimba yake vilifika mbali kupitia lebo ya Real World ya mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 2003, alirekodi na Michael Brook, mwanamuziki wa Canada, albamu iitwayo Assembly iliyochanganya sauti za Kigogo na mitambo ya kisasa. Zawose aliheshimiwa katika majukwaa ya Ulaya, lakini katika maduka ya kanda ya miji ya Tanzania kazi zake za aina hiyo zilikuwa nadra.

Kundi la Jagwa Music, wakongwe wa mchiriku, nalo lilitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kupitia lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Yaliyotokea kwa Zawose yakajirudia: mialiko ya matamasha ya Ulaya, na nyumbani kundi likabaki muziki wa mitaa ileile lilikotoka.

Mtu anayeitazama historia hii atakubali kwamba lebo za nje si adui. Bila Nyege Nyege Tapes huenda sehemu kubwa ya kazi za Mburahati ingepotea pamoja na kompyuta zilizoharibika. Lebo hiyo, iliyoanza mwaka 2016, imefanya kazi ambayo taasisi za nyumbani hazikuifanya, nayo ni kuhifadhi, kuweka majina na tarehe, na kuutangaza muziki huo. Lawama zikielekezwa huko zitakuwa zimekosea mlango.

Kipimo kilichopotea

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba nchi haina njia inayoaminika ya kuhesabu na kuandika maoni ya wasikilizaji wake.

Zamani njia ilikuwepo, hata kama haikuwa kamili. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, msikilizaji wa kijijini alinunua kadi ya salamu, akaijaza majina ya ndugu na marafiki, akataja wimbo anaoupenda na kuituma kwa posta. Kadi zilipofika studio, mtangazaji alijua ni wimbo gani unaombwa na watu wa Same, Songea au Sumbawanga. Baada ya vituo binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990, kadi ziliendelea, kisha zikapokewa na ujumbe mfupi wa simu za mkononi. Katika mfumo huo mtu wa Ngujini alikuwa na kura sawa na mtu wa Kariakoo, ilimradi alikuwa na fedha ya stempu.

Leo kura hiyo imehamia kwenye idadi ya watazamaji wa YouTube na programu za kusikilizia muziki. Anayehesabiwa ni mwenye simu ya kisasa, mwenye kifurushi na mwenye mtandao unaokamata vizuri. Anayenakiliwa nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu katika kibanda cha Mwanga mjini, kisha akazisikiliza kwa mwaka mzima akiwa shambani, hahesabiwi. Abiria wa bodaboda anayesikiliza singeli kutoka spika ya dereva hahesabiwi. Wageni 200 wa harusi waliocheza mdundo wa Sisso pasipo kujua ni wa nani hawahesabiwi.

Athari za jambo hilo ni za kifedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka msingi wa COSOTA. Mwaka 2022 sheria hiyo ilirekebishwa, COSOTA ikawa Ofisi ya Hakimiliki, na mlango ukafunguliwa kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha. Mapema mwaka huohuo ulifanyika mgao wa zaidi ya Sh milioni 312 kwa wasanii wapatao 1,100. Ilikuwa hatua ya kupongezwa, lakini hesabu rahisi inaonyesha kwamba wastani kwa msanii mmoja haukufika Sh 300,000.

Mgao wowote wa mirabaha hutegemea kumbukumbu za matumizi: wimbo gani umepigwa, wapi na mara ngapi. Pasipo kumbukumbu hakuna malipo. Albamu isiyopigwa redioni kwa sababu haina mwimbaji, lakini inayopigwa kwenye harusi, vigodoro na vijiwe, inakuwa kazi inayotumika bila kuwepo kwenye vitabu. Mtayarishaji akiona kwamba msikilizaji wa Ulaya ndiye peke yake anayeacha alama ya fedha, itakuwa ajabu kama hatamtengenezea muziki yeye. Taratibu mdundo utaanza kufuata masikio ya mlipaji, na singeli itabadilika bila wenyewe kuulizwa.

Watu wa Upare wanaijua vizuri habari ya kipimo kisichoaminika. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Kati ya mwaka 1944 na 1947 Wapare waliipinga, na maelfu yao wakashuka milimani kwenda kupiga kambi kwenye boma la Same. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika juu ya tukio hilo, anaonyesha kwamba watu hawakukataa kodi yoyote ile. Walikataa namna ya kukadiria ambayo hawakushirikishwa na ambayo hawakuiona kuwa ya haki. Hatimaye mbiru iliondolewa.

Muziki si kodi, na hakuna atakayepiga kambi Same kwa ajili ya albamu. Lakini kanuni ni ileile. Mtu hukubali hukumu ya kipimo anachokielewa na alichoshirikishwa. Orodha ya nyimbo bora inayotolewa na watu wachache mjini, au sifa zilizoandikwa kwa Kiingereza katika mtandao wa ng'ambo, haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo sauti ya wasikilizaji wa Tanzania.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa vituo vya redio. Kipindi cha saa moja kwa wiki cha muziki wa watayarishaji, kikipigwa pamoja na maelezo ya nani ametengeneza nini na kipande gani cha taarabu kimetumika, kingetosha kuwapa wasikilizaji nafasi ya kupenda au kukataa wakiwa wanajua wanachokihukumu. Vituo vya mikoani vina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa wasikilizaji wake hupiga simu wakizungumza lugha na lafudhi zao bila haya.

Hatua ya pili ni ya wasanii wenyewe. Kutoa albamu kwa wasikilizaji wa nje si kosa, lakini hakuna sababu ya kuwanyima wa ndani. Kazi hiyohiyo ikitolewa pia kwa njia inayoendana na kipato cha mtu wa kawaida, ikiwa na nyimbo mbili au tatu zenye MC anayefahamika, ingejibu swali la shabiki wa kigodoro na kumvuta kwenye zile zisizo na mwimbaji. Sisso na wenzake wamekuwa wakifanya kazi na waimbaji kwa miaka mingi. Uwezo huo wanao.

Hatua ya tatu ni ya wasimamizi. Ofisi ya Hakimiliki na kampuni za mirabaha zitafute namna ya kupata kumbukumbu za muziki unaopigwa kwenye kumbi, sherehe na vyombo vya usafiri, walau kwa kuchukua sampuli katika wilaya chache za mjini na za vijijini. BASATA nayo, inaposimamia tuzo, ihakikishe kwamba mpigakura wa wilaya kama Mwanga anazifahamu kazi anazotakiwa kuzipigia kura kabla ya siku ya kura kufika.

Hatua ya nne ni ya vyombo vya habari. Kurasa za burudani zimejaa habari za nani kaachana na nani, gari gani limenunuliwa na ugomvi upi umezuka. Uhakiki wa muziki wenyewe kwa Kiswahili ni haba. Matokeo yake ni kwamba Mtanzania anayetaka kusoma uchambuzi wa albamu iliyotengenezwa Mburahati analazimika kuusoma kwa Kiingereza, ulioandikwa na mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga Mburahati.

Inawezekana kabisa kwamba, wakishaisikiliza vizuri, wasikilizaji wengi wa Tanzania watasema Singeli Ya Maajabu si muziki wa kwao. Mwanakwaya wa Ngujini anaweza kusema inakimbia mno, na bibi wa Usangi akaomba izimwe. Hayo nayo ni maoni, tena yenye manufaa kwa msanii kuliko ukimya. Inawezekana pia kwamba kijana wa huko milimani, mwenye kompyuta kuukuu na kinanda cha kanisa, akaisikia na kugundua kwamba hahitaji kuhamia Dar es Salaam ili aanze kutengeneza cha kwake. Hadi sasa hakuna anayeweza kusema lipi kati ya hayo litatokea, kwa kuwa albamu hiyo bado haijafikishwa kwao.